Mbwa si Jaa

Ulikuwa usiku wa mwezi wa Julai, majira ambayo baridi ya Mlima Meru hushuka Ilboru pamoja na ukungu, na watu wa Arusha hufunga milango mapema, mpwa wangu aliporejea kutoka mbugani. Kazi yake ni kuwaendesha wageni, na wageni wale, waliokuwa wakiondoka usiku uleule kwa ndege ya Kilimanjaro, walikuwa wamemwachia, pamoja na bakshishi yake, mkoba wa masazo ya safari: karanga, biskuti, na vipande viwili vya chokoleti nyeusi, kila kimoja cha gramu 100. Aliuweka mkoba juu ya kiti cha barazani, akaingia ndani kutuamkia. Na maamkizi ya kwetu, kama ijulikanavyo, hayana haraka. Tulipotoka kuuchukua, mkoba ulikuwa chini, karatasi za chokoleti zimetapakaa sakafuni, na Simba, mbwa wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15 hivi, yuko pembeni akijiramba midomo kama mtu aliyetoka karamuni.

Kisa cha mbwa wangu hakistahili gazeti, wala nisingalikiandika, lau si yale tuliyoyatenda sisi, watu wazima watano wenye akili timamu, katika nusu saa iliyofuata. Jirani yetu, mama mwenye shufaka nyingi, alikuja mbio na kikombe cha maziwa, akasema kwamba maziwa huvunja kila sumu. Kijana mmoja akashauri maji ya chumvi. Mzee mwingine, ambaye amefuga mbwa tangu ujana wake, akataka tumnyweshe mafuta ya kula. Nami niliyekuwa mwenye mbwa, na kwa hiyo mwenye hukumu, niliona haya kuwakatalia watu waliotoka vitandani mwao kwa ajili yangu: nikaridhia maziwa, nikazikusanya zile karatasi nikazitupa jaani ili baraza iwe safi, na baada ya hayo yote ndipo nikampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari hakutaka kusikia habari za maziwa. “Shikamoo, mzee,” alisema, kisha akaniuliza mambo matatu: amekula nini, amekula kiasi gani, na amekula saa ngapi. Nilipojibu kuwa ni chokoleti, akauliza kama ni nyeupe, ya maziwa, au nyeusi, na kama ni nyeusi, kakao yake ni asilimia ngapi. Sikujua. Majibu yote yalikuwa yameandikwa juu ya karatasi zile ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezitupa. Hivyo mtu mzima mwenye mvi zangu nikaenda kufukua jaa kwa kurunzi, nikiunganisha kipande na kipande cha karatasi iliyolowa mate ya mbwa, mpaka nikapata kusoma: asilimia 55. Kipande kimoja kilikuwa kimekwisha chote, na cha pili kimebaki nusu.

Rai yangu, ambayo niliinunua kwa nusu saa ile ya ujinga, ni hii: mbwa akila kitafunio cha binadamu, usimtie kitu kingine kinywani kabla hujajua kile kilichokwisha kuingia. Dawa, ikiwa inahitajika, itafuata, na aijuaye ni tabibu. Lakini habari za chakula kile hana mtu mwingine ila wewe uliyekuwapo, na kila dakika unayoitumia kukoroga chumvi ni dakika uliyoinyang'anya ile kazi ambayo hakuna awezaye kukufanyia. Aghalabu huruma yetu hukimbilia mikono kabla ya macho. Mtu akizimia tunammwagia maji, mtoto akimeza kitu tunampiga mgongoni, na mbwa akila asichostahili tunamtafutia cha kushindilia juu yake, ilhali swali la kwanza, yaani ni kitu gani hasa, hakuna aliyeliuliza.

Na swali hili si la mapambo, kwa kuwa vyakula ambavyo sisi twavila kwa amani hutofautiana mno vinapofika katika tumbo la mbwa. Ichukue hiyo chokoleti. Mti wa kakao, ambao katika nchi yetu hustawi zaidi Kyela, mkoani Mbeya, hubeba ndani ya mbegu zake kitu kiitwacho theobromini, ndugu wa kafeini ya kahawa. Mwili wa binadamu huivunja upesi. Mwili wa mbwa huhitaji kiasi cha saa 17 na nusu kuipunguza ifike nusu tu, na muda wote huo inayosalia huzunguka katika damu, ikiuharakisha moyo na kuichokoza mishipa ya fahamu. Chokoleti ya maziwa huwa na takriban miligramu 2 za theobromini katika kila gramu, nyeusi ya kawaida huwa na 5, na ile chungu ya kupikia hufika 14 na kupita. Nyeupe haina hata ya kutajwa. Mbwa akipata miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake hutapika, huharisha na kuhangaika; akipata 40 hadi 50, moyo huanza kwenda mbio na kukosa mpango; akifika 60, degedege haliko mbali. Simba, kwa hesabu yangu ya kurunzini, alikuwa amemeza miligramu 750, ambazo ni 50 kwa kila kilo. Daktari alipoipata hesabu hiyo hakupoteza muda: alifika, akamdunga sindano ya kumtapisha, ikatoka chokoleti pamoja na yale maziwa yetu, akampa mkaa wa dawa, na moyo wake ukapimwa hata alfajiri.

Hesabu hiyohiyo iliyotutia hofu ndiyo ambayo ingeliweza kututuliza. Mbwa mkubwa wa kilo 30 aliyeiba biskuti mbili zilizopakwa chokoleti ya maziwa hana haja ya kuamsha mtaa mzima. Atakunywa maji, pengine ataharisha, na kesho atabweka kama desturi. Asiyejua kipimo huogopa vyote kwa pamoja au hudharau vyote kwa pamoja, na katika hali zote mbili mbwa ndiye anayelipa.

Laiti kila kitu kingekuwa na kipimo kama chokoleti! Zabibu hazina. Zabibu zetu za Dodoma, mbichi au kavu, zile tunazozitia katika keki na katika pilau ya sikukuu, zaweza kuua figo za mbwa mmoja kwa konzi moja ilhali mwenziwe akala sahani nzima asidhurike, na hakuna tabibu mwenye insafu atakayekutajia kiasi kilicho salama. Kwa miaka mingi sababu yake haikujulikana, hata mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia sumu za wanyama walipomwona mbwa aliyeugua vivyo hivyo baada ya kula unga uliokandwa wa kuchezea watoto, uliochanganywa na krimu ya tatari, wakatambua kwamba zabibu na unga ule vinashiriki jambo moja: asidi ya tatariki. Ugunduzi huo unatuhusu sisi kuliko wanavyodhani wao, maana asidi hiyo ndiyo inayotia ukali katika ukwaju, na mbwa waliokula ukwaju wameonekana kudhurika figo kwa namna ileile. Sharubati ya ukwaju, pipi za ukwaju, na achari yake, vyote ni furaha ya nyumba zetu kutoka pwani hadi bara. Lakini visimwagwe mahali ambapo mbwa hulamba. Dalili za figo hazitokei papo hapo: mbwa hutapika siku ya kwanza, hutulia, mwenyewe akashukuru, na siku ya pili au ya tatu mkojo ukapungua na kukatika.

Vitunguu navyo ni wadanganyifu wa aina hiyo. Wilaya ya Karatu hutuletea vitunguu vya Mang'ola, vyekundu na vikali, ambavyo bila hivyo kachumbari ya Arusha isingekuwa kachumbari; lakini ndani ya damu ya mbwa kitunguu maji na kitunguu saumu huziunguza chembe nyekundu mpaka zikapasuka, na moto wa jikoni hauondoi madhara hayo hata kidogo. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mbwa zimethibitika kuiharibu damu, na unga wa vitunguu, ambao ndio ladha ya kripsi nyingi, una nguvu kuliko kitunguu kibichi. Siku hupita kabla ufizi haujapauka na mkojo haujageuka rangi ya chai, na kufikia hapo nani atakumbuka sinia ya Jumamosi? Ama kahawa, iliyowasomesha watoto wengi wa Wameru, yatosha kusema kuwa mwenye kuianika uani ayalinde mabuni yake, kwani kafeini humtenda mbwa kama theobromini. Na chingamu au pipi zisizo na sukari, zile zinazokuja katika mikoba ya wageni, hutiwa zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu ya haraka kuliko zote nilizozitaja: gramu 1 yaweza kumshusha sukari mbwa wa kilo 10 katika muda wa nusu saa hadi saa moja, akalegea na kuanguka, na ikizidi huliharibu ini.

Hata hivyo, mwenye kutembea katika mitaa yetu jioni atakiri kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika sumu hizi, bali katika umbo la vitu. Simama Sanawari au Kilombero jua likizama, wakati mama wa mahindi anapopepea majiko yake na wauza mishkaki wanapogeuza nyama, uangalie mikono ya wanunuzi. Mtu hutafuna hindi lake mpaka likabaki gunzi, akatupa nyuma bila kugeuka. Mwingine huvuta pande la mwisho la nyama kwa meno, akauacha ule mti wa mshikaki uanguke penye miguu yake, ukinukia mafuta na chumvi. Mbwa aliyekuwa akingoja chini ya meza huudaka na kuumeza kwa pupa, kwa sababu mbwa wa sokoni akichelewa amepokonywa. Gunzi haliyeyuki tumboni. Hushuka mpaka penye wembamba wa utumbo, likakwama kama kizibo, na mbwa hutapika siku tatu, nne, huku watu wakisema amelishwa sumu na maadui. Mti wa mshikaki hufanya vibaya zaidi: hutoboa utumbo, ukatokea ubavuni. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kokwa la parachichi, tunda lijaalo Tengeru siku za soko, halimtii mbwa sumu ya kutisha, bali huziba njia vilevile.

Kuna na mfuko wa kripsi. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na miji ikapata nafuu. Lakini ile ya kripsi na ya biskuti ingali ikiruka mitaroni. Mbwa hutia kichwa ndani kutafuta makombo, mfuko humshika uso kila avutapo pumzi, na kwa kuwa hana mikono ya kuuvua hukosa hewa katika dakika chache. Dawa ya ajali hiyo ni mkasi: kabla ya kuutupa, upasue mfuko pande zote mbili.

Isidhaniwe kwamba kila kiangukacho mezani ni mauti. Bisi zisizo na chumvi nyingi, mkate mkavu, kipande cha muhogo wa kuchemsha, biskuti ya kawaida, kitumbua kimoja: haya hayamtendei mbwa ubaya ila kumzoesha uombaji. Kripsi chache za viazi na chumvi humtia kiu, basi mwekee maji safi ayanywe kidogo kidogo. Chipsi mayai na ngozi ya kuku ya kukaanga, vikiwa vingi, huvimbisha kongosho kwa yale mafuta, na mbwa hukunja mgongo kwa maumivu na kukataa kula. Huyo apelekwe kwa daktari. Na kinyunya kibichi cha maandazi chenye hamira, ambacho mama huacha kiumuke karibu na joto, kikiingia tumboni huendelea kuumuka humo humo na kutoa kileo, hata mbwa akapepesuka kama aliyetoka kilabu cha mbege.

Sasa nirudi kwenye zile tiba zetu tatu za barazani, maana zina wafuasi wengi, na wafuasi wenyewe ni watu wema. Maziwa hayavunji sumu ya chokoleti, wala ya zabibu, wala ya kitunguu. Hulijaza tumbo, na mbwa wengi wazima huharishwa nayo, ikawa dalili moja imejificha ndani ya nyingine, na daktari asijue aitibu ipi. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko mengi ya yale tunayoyakimbia, kwa maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, huuvimbisha ubongo na kuleta degedege. Wapo mbwa waliokula kitu kidogo kisichoua, wakauawa na dawa. Mafuta, mbwa akinyweshwa kwa nguvu huku akipinga, huteleza yakaingia mapafuni, na mapafu yaliyoingia mafuta hayasafishiki. Mkaa wa jikoni nao si ule mkaa wa dawa, ingawa jina ni moja na rangi ni moja. Na kumtapisha mbwa ni kazi yenye masharti: hufaa zaidi katika saa mbili za mwanzo, na haifai kabisa ikiwa ameshalegea au ana degedege, au amemeza kitu chenye ncha au mafuta ya taa, kwani kilichoumiza wakati wa kushuka kitaumiza tena wakati wa kupanda.

Basi lifanywe nini? Kwanza, uondoe kilichobaki, na mbwa wengine uwafungie mbali, na watoto uwaite uwaulize kwa upole, maana mtoto anayeogopa fimbo hatakwambia kwamba yeye ndiye aliyempa. Pili, ulihifadhi karatasi au pakiti, hata ikiwa imeraruka. Uisome ina nini, ilikuwa na uzito gani, na kimebaki kiasi gani. Tatu, utazame saa. Nne, ukadirie uzito wa mbwa; mpandishe mizani ya magunia ikiwa ipo, au umbebe ukapime mkiwa wawili, kisha uuondoe uzito wako. Tano, umpigie daktari wa mifugo, na akikosekana, afisa mifugo wa kata yako, ukamweleze kweli tupu. Hili la kweli nalisisitiza, kwa sababu tahayari hutuponza: mtu aliyempa mbwa pombe kwa mzaha husema kwamba mbwa aliokota kitu, na anayefanyiwa mzaha wa pili ni tabibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Wakati huu kifo kitamchukua asiyeweza hata kujisemea. Na ukiagizwa kungoja na kutazama, ungoje kweli na utazame kweli: kutapika, kutetemeka, kiu isiyokoma, tumbo kuvimba, ufizi kupauka, mkojo kubadilika. Kwa zabibu na vitunguu, uangalizi uwe wa siku kadhaa.

Haya ni ya ajali. Liko jambo jingine ambalo si ajali hata kidogo, nalo ndilo lililonipa anwani ya makala haya. Katika nyumba nyingi mbwa ndiye jaa la mwisho: ugali uliochacha, samaki aliyeoza, mahindi yaliyoota ukungu, karanga zilizogeuka rangi, vyote husukumiwa yeye kwa maneno yaleyale, kwamba “mbwa hatadhurika.” Atadhurika. Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaleta msiba katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kusini mwetu. Mbwa si mgumu kuliko sisi mbele ya sumu hiyo: huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyo kiliwaua mbwa wasiopungua 100, na hao walikuwa mbwa wa watu wenye uwezo, wenye madaktari karibu. Mahindi yasiyofaa kwa mtoto wako yatie shimoni; yakila ini la mbwa, huenda yasikuonyeshe dalili mpaka macho yake yamegeuka manjano.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba Ngarenaro na Unga Limited wako watu wanaohesabu nauli ya daladala ya kumpeleka mtoto zahanati, na mimi nawahubiria daktari wa mbwa. Hoja hiyo ina haki yake, wala siidharau. Lakini karibu yote niliyoyaandika hayana gharama: kutundika mkoba juu, kupasua mfuko, kuvunja mti wa mshikaki na kuutia motoni, kutotupa gunzi nyuma bila kutazama, kuhifadhi karatasi. Gharama inakuja pale tulipopuuza yasiyo na gharama. Tena, asiye na shilingi ya daktari ndiye hasa anayemtegemea mbwa kuliko mwenye ukuta na waya wa umeme. Mbwa wa Mwarusha aliye bomani na wa Mmeru aliye chini ya migomba ndio walinzi wake, na mlinzi halishwi takataka.

Wengine watasema kwamba kumshughulikia mbwa hivi ni desturi ya Wazungu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimelelewa katika nyumba ambamo mbwa hakukaribishwa ukumbini, na mpaka leo Simba hulala nje na chombo chake ni mbali na vyombo vyetu. Lakini mwalimu wangu wa chuoni, aliyetufundisha hukumu za najisi, ndiye huyohuyo aliyetusimulia habari ya Watu wa Pangoni na mbwa wao aliyekuwa amenyosha miguu kizingitini, na habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akaghufiriwa kwa tendo hilo. Kujitenga na mate yake ni jambo moja, na kumwacha afe kwa uzembe wangu ni jambo jingine. Dini haikuyachanganya hayo mawili, bali ni sisi. Hata sheria ya dola imesema: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, imemtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza asipate mateso yasiyo ya lazima.

Maarifa yenyewe hatuyakosi. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro huwahitimisha madaktari wa mifugo kila mwaka, na hapa hapa Tengeru ipo kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Kinachokosekana ni daraja kati ya darasa lao na baraza zetu. Naomba, basi, maafisa mifugo wanapopita mitaani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, jambo ambalo watu hulihudhuria kwa wingi, watumie robo saa kutaja majina haya kwa sauti: chokoleti, zabibu, ukwaju, kitunguu, chingamu isiyo na sukari, gunzi, mti wa mshikaki. Naomba na wenye majiko ya nyama na mahindi waweke pipa lenye mfuniko karibu na kila jiko, kwa kuwa mteja hutupa chini pale asipoona pa kutupa.

Nawe msomaji, kabla ya kulikunja gazeti hili, iandike namba ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe juu ya mlango wa jikoni, kwa tarakimu kubwa ambazo mtoto ataweza kuzisoma usiku. Yetu imeandikwa kwa chaki. Chini yake pana msumari, na mkoba wa mpwa wangu, arudipo safari, hutundikwa hapo kabla ya maamkizi.